Anwani ya Pili Usiyoijua: Uelekezaji wa Barua Pepe na Namna ya Kuufunga

Mada iliyotolewa kwa watumiaji wa huduma za mawasiliano, wafanyabiashara wadogo na viongozi wa vikundi



Mada niliyokabidhiwa leo ina sura ya kifundi. Inahusu namna seva ya barua pepe inavyofikisha barua kwa mwenyewe, na sababu za kuufunga uwezo wa mtumiaji mmoja mmoja kuzielekeza barua zake kwenda anwani nyingine, jambo ambalo maofisini wengi huliita "kufowadi". Natambua kwamba wapo miongoni mwenu waliokwisha kujiambia moyoni kuwa haya ni mambo ya vijana wa kompyuta. Nawaomba mnivumilie kidogo, kwa kuwa fedha zinazopotea kwa njia hii ni za mwenye duka la vipuri, za chama cha akiba na mikopo, za shule iliyoagiza vitabu, na za mama aliyekuwa akimlipia mwanawe ada ng'ambo.

Tuanze na lile tulijualo sote. Katika nchi yetu barua ya posta kwa kawaida haimfikii mtu mlangoni kwake. Hukaa katika Sanduku la Posta, na sanduku lina ufunguo. Wengi wetu hatukuwa na sanduku letu wenyewe. Tulitumia la shule, la parokia, la msikiti, au la mwajiri wa mjomba. Bahasha iliandikwa jina lako, lakini kabla haijakufikia ilipita mkononi mwa mtu mwingine. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mwaminifu. Hata hivyo, kila aliyewahi kungoja barua iliyokuwa na hundi ya posta ndani yake anafahamu kwamba uaminifu wa mwenye ufunguo ulikuwa na thamani ileile ya hundi.

Barua pepe hufuata mwendo unaofanana na huo. Unapoandika kwenda anwani fulani, seva yako husoma kwanza sehemu iliyo upande wa kulia wa alama ya @, ile alama ambayo Ray Tomlinson aliichagua mwaka 1971 ili kutenganisha jina la mtu na jina la mashine. Seva huuliza mfumo wa majina ya intaneti: barua za jina hili hupokelewa na mashine ipi? Jibu hutolewa na kumbukumbu iitwayo MX. Kisha seva mbili huzungumza kwa lugha ya SMTP, ambayo Jon Postel aliiandika mwaka 1982. Mazungumzo yao ni mafupi na ya adabu: mimi ni seva fulani, nina barua kutoka kwa huyu, ninaipeleka kwa yule; je, unaipokea? Seva ya pili ikikubali, wajibu wa kuifikisha barua unakuwa wake.

Hapo ndipo mada yetu inapoanzia. Seva iliyopokea sasa husoma sehemu ya kushoto ya anwani, yaani jina la mtu, na kujiuliza maswali kwa zamu. Je, jina hili ni lakabu tu, kama vile "mauzo" au "mhasibu", ambayo msimamizi ameagiza ipelekwe kwa mtu fulani? Ikiwa sivyo, je, mwenye jina ameacha maagizo yake binafsi? Ikiwa hakuna maagizo yoyote, barua hutiwa sandukuni na kazi imekwisha. Swali la kwanza liko mikononi mwa msimamizi wa seva. Swali la pili liko mikononi mwa mtumiaji, au mikononi mwa yeyote aliyeweza kujifanya mtumiaji. Ndiyo maana twasema uelekezaji wa ngazi ya mtumiaji.

Katika mashine za zamani za mfumo wa Unix, maagizo hayo yaliandikwa katika faili dogo lililokaa ndani ya saraka ya mwenyewe, jina lake .forward. Faili hilo liliweza kuwa na mstari mmoja tu: anwani ambako barua zipelekwe. Sendmail, programu ambayo Eric Allman aliiandika katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, ililitii faili hilo. Na Exim na Postfix, zilizokuja katika miaka ya 1990, zikaurithi utaratibu huo. Ulikuwa wema wa zama zake. Mtafiti aliyehama chuo kimoja kwenda kingine aliacha mstari mmoja nyuma yake, na barua zikamfuata. Lakini faili hilohilo liliruhusiwa pia kuendesha programu kila barua inapoingia, hivyo aliyeweza kuliandika upya aliweza kuiamuru mashine ifanye kazi asiyotumwa. Na wale wanaokumbuka habari ya mnyoo wa kompyuta uliosambaa katika intaneti mwezi Novemba 1988 watapenda kujua kwamba moja ya njia zake za kutafuta mashine nyingine za kushambulia ilikuwa kusoma mafaili ya .forward ya watumiaji. Mtu alipoandika barua zake zimfuate wapi, aliandika pia ramani.

Leo wengi wetu hatutaliona kamwe faili hilo. Utaratibu wenyewe, hata hivyo, haukufa. Umo ndani ya Gmail, umo ndani ya Outlook, umo ndani ya cPanel ambayo makampuni mengi ya kuhifadhi tovuti hapa kwetu huwapa wateja wao. Umebadili vazi tu: badala ya faili, sasa ni kisanduku cha kuweka alama ya tiki, au kanuni inayosema "barua ikija yenye neno fulani, ipeleke pale".

Sasa niseme wizi wenyewe unavyofanyika.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayeagiza vipuri vya magari kutoka Dubai. Siku moja anapata ujumbe unaodai kuwa sanduku lake la barua limejaa, abofye hapa na aandike nywila yake. Anaandika. Mwizi sasa anayo nywila, lakini mwizi mwenye akili haibi siku hiyo. Anaingia mara moja tu, anaweka kanuni ya kuelekeza barua kwenda anwani yake, kisha anatoka na kufunga mlango taratibu. Kuanzia hapo hana haja ya kuingia tena. Barua zinamfuata alipo, nakala baada ya nakala, na mfanyabiashara haoni upungufu wowote kwa kuwa barua zake zote zipo palepale. Zinapita wiki, pengine miezi. Mwizi anajifunza majina, anajifunza bei, anajifunza kwamba Bwana fulani wa Dubai huanza barua zake kwa salamu ya aina gani. Siku ankara ya kweli inapotumwa, inafuatiwa baada ya saa moja na barua nyingine: tafadhali, tumebadilisha benki, tumia akaunti hii mpya. Imeandikwa kwa mtindo uleule, inataja namba ileile ya ankara, na anwani ya mtumaji inatofautiana na ya kweli kwa herufi moja tu. Fedha zinakwenda.

Wizi wa namna hii si wa kufikirika. Mwezi Novemba 2020 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kwa makampuni ya nchi hiyo kuhusu kanuni hizi za uelekezaji. Tahadhari ile ilieleza tukio la Agosti mwaka huohuo, ambapo wezi waliweka kanuni katika barua pepe za kampuni moja ya vifaa vya tiba, wakajifanya muuzaji wa nje aliyejulikana na kampuni hiyo, na kuondoka na dola 175,000. Katika tukio jingine la mwezi huohuo, kanuni tatu zilikutwa katika barua pepe za kampuni ya viwanda. Mojawapo ilichagua barua zenye maneno yanayohusu benki, malipo, ankara na hundi, na kuzipeleka kwa wezi. Angalieni ustadi huo: hawakutaka barua zote. Salamu za sikukuu na mialiko ya harusi waliziacha zilale. Na kwa mwaka 2023 pekee, kituo cha FBI cha kupokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kilipokea malalamiko 21,489 ya utapeli wa barua pepe za kibiashara, yenye hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9. Si yote yalihusu uelekezaji, lakini uelekezaji ni chombo kimojawapo kikuu cha kazi hiyo.

Jambo moja katika tahadhari ile lastahili kurudiwa polepole. Kanuni zilizowekwa kupitia kivinjari cha intaneti hazikuonekana katika programu ya barua iliyokuwa kwenye kompyuta za mezani. Mfanyakazi alifungua programu yake kila asubuhi, akatazama orodha ya kanuni, na hakuona kitu. Kanuni ilikuwa kwenye seva.

Nasi tuna jambo la kufanana na hilo, na kwetu ni kubwa zaidi kwa sababu watu wengi hutumia simu kuliko kompyuta. Programu ya Gmail iliyo kwenye simu yako haikuonyeshi ukurasa wa usambazaji. Ukurasa huo upo katika toleo la kompyuta tu. Kwa hiyo mtu anaweza kutumia Gmail miaka kumi kwenye simu na asipate hata siku moja kuuona ukurasa ambao mwizi aliufungua siku ya kwanza. Asiye na kompyuta afungue Gmail ndani ya kivinjari cha simu, si ndani ya programu, na aombe kivinjari kimwonyeshe toleo la kompyuta. Herufi zitakuwa ndogo na subira itahitajika, lakini ukurasa utafunguka.

Humo atafute mipangilio yote, kisha kichupo cha usambazaji na POP/IMAP. Pakiwa na anwani asiyoitambua, aiondoe. Asiishie hapo. Aende kwenye kichupo cha vichujio, maana kichujio nacho chaweza kuelekeza barua chache zilizochaguliwa, na chaweza kuzifuta au kuzificha zisionekane kwenye kikasha. Gmail humtaka anayeweka uelekezaji athibitishe anwani mpya kwa msimbo unaotumwa huko, na kwa siku kadhaa huonyesha tangazo juu ya kikasha. Tangazo ni jema. Msimbo haumzuii mwizi hata kidogo, kwa kuwa unatumwa kwake mwenyewe.

Kwa wanaotumia Outlook, sehemu za kukagua ni mbili na ziko mbalimbali: sehemu ya kanuni na sehemu ya usambazaji. Mwizi hupenda ya kwanza. Mara nyingi huipa kanuni yake jina lisilovuta jicho, pengine nukta moja tu, na huagiza majibu ya muuzaji yahamishiwe katika folda ambayo hakuna anayeifungua, kama ile ya milisho ya RSS. Ukikuta kanuni yenye jina la nukta, usijiulize sana ni nani aliyeiandika. Ipige picha ya skrini kwanza, halafu uifute.

Naomba sasa niseme jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote niliyokwisha kuyataja, kwa kuwa huwakumba hata waliochukua hatua. Mtu akigundua kwamba ameibiwa nywila, huibadilisha, akashusha pumzi. Lakini kubadilisha nywila hakufuti kanuni ya uelekezaji. Kanuni haiulizi nywila. Iliwekwa na aliyekuwa ndani, na seva itaendelea kuitii hadi mtu atakapoiondoa. Umebadilisha kitasa cha mlango wa mbele, na bomba lililotobolewa nyuma ya nyumba bado linavuja. Kwa hiyo utaratibu uwe huu: nywila ibadilishwe, vifaa vyote vilivyoingia katika akaunti vitolewe, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, namba ya simu na anwani ya kurejesha akaunti zitazamwe kama ni zako kweli, programu za watu wengine zilizopewa ruhusa ya kusoma barua zikaguliwe, na kanuni, vichujio na usambazaji vifunguliwe kimoja kimoja. Kazi yote haizidi nusu saa.

Si kila uelekezaji ni wa mwizi wa mbali. Mwingine huwekwa na watu tunaowajua. Ofisi ndogo ilikuwa na katibu muhtasi aliyependa kusoma barua za ofisi akiwa nyumbani, akaelekeza anwani ya ofisi kwenda anwani yake binafsi. Akaacha kazi kwa amani, wakamwandalia soda na keki. Miaka miwili baadaye bado anapokea maombi ya bei, barua za benki na vyeti vya wagonjwa au wanafunzi. Huenda hasomi. Lakini siku anwani yake binafsi itakapoibiwa, ofisi itakuwa imeibiwa pia, na hakuna atakayejua wizi ulipitia wapi. Yupo pia mwenza aliyeachana na mwenzake na bado anazisoma barua zake, na yupo fundi wa simu aliyeachiwa simu ikiwa wazi kutwa nzima. Kwa hao sina la ziada. Ukaguzi ni uleule.

Kwa sababu hizo zote, taasisi nyingi duniani zimeacha kumwachia kila mtumiaji uamuzi huu, na zimeufunga kwenye seva yenyewe. Microsoft, kwa mfano, imefanya uelekezaji wa moja kwa moja kwenda nje ya taasisi uwe umefungwa tangu mwanzo katika huduma yake ya barua kwa makampuni. Barua inayojaribu kupita hurudi na namba ya kosa 5.7.520. Msimamizi anayeona ipo haja anaweza kuwafungulia watu maalumu. Katika huduma ya Google kwa makampuni, msimamizi anaweza kuondoa alama ya tiki inayowaruhusu watumiaji kuelekeza barua. Naona huo ndio mpango unaofaa: funga kwa wote, fungua kwa anayeeleza sababu, na andika jina lake na tarehe.

Wenye seva zao wenyewe, au wanaomlipa fundi awatunzie, hawana haja ya kujifunza kazi ya fundi. Inatosha kumwuliza maswali matatu au manne na kusikiliza jibu. Kama seva ni Postfix, je, mpangilio uitwao forward_path umeachwa mtupu, ili mafaili ya .forward yasisomwe? Kama masanduku yanahudumiwa na Dovecot, ambako watumiaji huandika kanuni kwa lugha ya Sieve, je, mpangilio wa sieve_max_redirects umewekwa sifuri? Maana kufunga mlango mmoja na kuacha wa pili ni kazi bure, na mafundi wengi hukumbuka ule wa kwanza tu. Kama mnatumia cPanel, mwombeni awafungulie mbele ya macho yenu ukurasa unaoorodhesha anwani zinazoelekezwa, kisha ukurasa wa vichujio vya barua, na ule wa anwani ya jumla inayopokea barua zisizo na mwenyewe. Someni kila mstari. Mstari usiokuwa na mtu wa kuueleza uondolewe siku hiyohiyo. Fundi mwema hatakasirika kwa kuulizwa. Ataona amepata wateja wenye macho.

Swali la mwisho ni lile lenye aibu kidogo: nywila ya msimamizi wa seva inajulikana na nani, na jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani? Mwenye mamlaka juu ya seva aweza kuagiza nakala ya kila barua ipelekwe atakako, na hakuna mtumiaji atakayeliona agizo hilo katika mipangilio yake. Shule au kampuni ambayo jina lake la intaneti limesajiliwa kwa jina la kijana aliyeitengenezea tovuti miaka sita iliyopita imempa kijana huyo ufunguo wa Sanduku la Posta na haina nakala yake.

Wapo watakaouliza: je, sisi tusio na wezi, tunaelekeza barua kwa raha zetu, tutapata hasara gani? Hasara ipo, nayo ni ya barua kupotea njiani. Seva za siku hizi hazipokei barua kwa kuangalia jina la mtumaji peke yake. Benki yako hutangaza katika mfumo wa majina orodha ya mashine zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Utaratibu huo huitwa SPF. Benki inapokuandikia ofisini, barua inatoka katika mashine iliyo kwenye orodha, na inapokelewa. Seva ya ofisi ikiisukuma barua hiyo kwenda Gmail yako bila kubadili bahasha, Gmail inaona barua inayodai kutoka benki lakini imeletwa na mashine isiyo kwenye orodha. Ni kama bahasha yenye nembo ya serikali na muhuri wa posta ya mji usiohusika. Sahihi ya kidijitali ya DKIM yaweza kuiokoa barua hiyo ikiwa haikubadilishwa hata herufi njiani, lakini seva ya ofisi ikiwa inaongeza tangazo au tahadhari mwishoni mwa kila barua, sahihi huharibika. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti ya uthibitisho huo kwa wanaotuma barua nyingi, kwa hiyo matatizo ya kale yaliyofichika sasa huonekana zaidi.

Tena, seva inayoelekeza barua huelekeza na takataka. Barua za utapeli zinazoingia ofisini husukumwa kwenda Gmail zikiwa zimeletwa na seva yenu, na kwa macho ya Gmail aliyezileta ni ninyi. Sifa ya seva hushuka. Kisha mnashangaa kwa nini ankara zenu halali kwa wateja zinaangukia katika folda ya barua taka. Na kama anwani ya pili imejaa au imefungwa, taarifa ya kushindikana humrudia mtumaji ambaye hakuwahi kuandika huko, ikimwonyesha anwani yako binafsi uliyodhani ni siri.

Anayetaka kusoma barua za ofisi na za nyumbani mahali pamoja hahitaji uelekezaji. Aongeze akaunti zote mbili katika programu ya barua ya simu yake. Kila barua itabaki katika seva yake, na siku akiacha kazi, ofisi itaifunga akaunti moja bila kuigusa nyingine. Kwa anwani za pamoja kama "mauzo" au "maulizo", msimamizi aweza kuunda sanduku la pamoja, na kila mfanyakazi akaingia kwa jina lake mwenyewe. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na kesho yake huonekana ni nani aliyejibu nini.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Hapa Tanzania, kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini na kuyaingilia mawasiliano yake ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imewawekea wanaokusanya taarifa za watu wajibu wa kuzilinda. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data tangu mwaka 2019, na Uganda vilevile. Zahanati inayoacha majibu ya vipimo yamwagikie katika anwani binafsi ya mtumishi aliyekwisha kuondoka itapata shida kueleza namna ilivyoutimiza wajibu huo.

Ikiwa fedha zimekwisha kwenda, mpangilio wa hatua una uzito wake. Benki ndiyo ya kwanza, kwa simu au kwa miguu, si kwa barua pepe ileile inayosomwa na mwizi. Iombwe kuzuia au kurudisha malipo. Saa za mwanzo ndizo zenye matumaini. Muuzaji apigiwe kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyo katika barua ya mwisho. Kisha polisi, ukiwa na picha za kanuni ulizozikuta, barua zenyewe zikiwa hazijafutwa, na stakabadhi ya benki. Watu wengi hufuta kila kitu kwa hasira kabla ya kufika kituoni, na askari hubaki na maelezo ya mdomo. Barua ya ulaghai isisambazwe kwa ndugu kumi kama ushahidi. Ihifadhiwe ilipo, kwa kuwa vichwa vya barua vinavyoonyesha seva zilizopitiwa hupotea ikisambazwa hovyo.

Kwa upande wa malipo, kabla ya tukio lolote, wekeni desturi kwamba badiliko la akaunti ya benki ya muuzaji halikubaliwi kwa maandishi peke yake. Lazima sauti isikike, kwa namba ya zamani, na watu wawili waweke sahihi. Muuzaji mwaminifu hatachukia kupigiwa simu kuhusu fedha zake mwenyewe.

Muda wa maswali sasa umefika. Waliokuja na simu zenye barua pepe za ofisi wanaweza kusogea hapa mbele tuzifungue na kuitazama mipangilio pamoja. Nywila kila mmoja ataiandika mwenyewe, nasi tutageuka upande wa dirisha.